Sidii Imo Kabatini, Je, Imekwisha Kazi?

Siku hizi ukimwambia kijana wa Mombasa kwamba unatafuta mashine ya kuchezea sidii, atakutazama kama mtu anayetafuta taa ya chemli na nyumba ina umeme. Muziki wote, atakwambia, umo katika simu. Spotify, iliyoanzia Sweden mwaka 2008, iliingia Kenya Februari 2021, na kabla yake na baada yake zimekuja nyingine chungu nzima. Mtu hulipa kidogo kila mwezi, ama halipi kitu akavumilia matangazo, na nyimbo mamilioni ziko kiganjani mwake. Kabati la nini?

Upande wa pili wako wazee wenzangu wa barazani, watu wa sauti, ambao wataapa kwamba muziki wa simu ni makapi na kwamba sidii peke yake ndiyo yenye sauti ya kweli. Mmoja wao hawezi hata kupewa kikombe cha kahawa mahali panapopigwa wimbo kwa simu asitoe hotuba. Nimewasikiliza hawa na nimewasikiliza vijana, na kila upande umeshika ukweli nusu. Basi leo, msomaji, tulipekue jambo hili polepole, maana kwetu sisi wa pwani lina upande ambao huko Ulaya hawaujui.

Kwanza tuijue sidii yenyewe, kwani wengi wetu tuliitumia miaka ishirini bila ya kujua ndani yake mna nini. Ilikuwa kazi ya makampuni mawili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Mashine ya kwanza kuuzwa, Sony CDP-101, iliingia madukani Japani tarehe 1 Oktoba 1982 kwa bei ya yeni 168,000, fedha ambayo siku zile haikuwa ya mtu wa kawaida. Kisahani chake kina upana wa sentimita 12. Juu yake mna mstari mmoja tu wa vishimo vidogo mno, unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, na lau ungenyooshwa ungefika urefu wa kilomita tano hivi. Mwanga wa leza husoma vishimo hivyo. Vishimo ni tarakimu, na tarakimu ni vipimo vya sauti: vipimo 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa spika, na kila kipimo huweza kuangukia mojawapo ya ngazi 65,536.

Kwa nini 44,100? Wataalamu walikwisha kuthibitisha kwamba ukitaka kuirudisha sauti kama ilivyokuwa, ni lazima uipime zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa. Sikio la mtoto mwenye afya hufika mitetemo 20,000 kwa sekunde. Zidisha mara mbili, ongeza kidogo, umefika. (Sikio la mtu wa makamo halifiki huko hata kidogo. Wazee wa barazani wanaobishana juu ya sauti za juu kabisa wanabishana juu ya vitu ambavyo masikio yao yaliviaga zamani, na mimi nimo humo humo.)

Basi hesabu hiyo ilitosha, au haikutosha? Mwaka 2007 Wamarekani wawili, E. Brad Meyer na David Moran, walichapisha matokeo ya mtihani wao katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti. Waliwachezea wasikilizaji muziki wa daraja la juu kuliko sidii, kisha muziki uleule ukipitishwa katika kipimo cha sidii, na msikilizaji hakuambiwa ni upi. Majaribio yalikuwa 554. Waliopatia ni 276. Hiyo ni nusu kamili kasoro mmoja, sawa na kurusha sarafu juu. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba muziki wa mtandaoni wa daraja la juu zaidi umeiacha sidii nyuma kwa sauti, mwombe akuonyeshe sikio lake.

Lakini hesabu hiyohiyo inawageukia wazee nao. Kwa muda mrefu walikuwa na haki ya kulalamika. Sidii hutoa kilobiti 1,411 kila sekunde. Faili za MP3 tulizokuwa tukipeana zilikuwa na 128, pengine pungufu. Ili kufika hapo ilibidi sauti ifinywe na baadhi yake itupwe, na anayejua tashkota inavyolia alisikia kilichotupwa: ule mlio wa chuma ukageuka kama mchanga unaochekechwa. Sasa hali imebadilika. Tidal ilianza kutoa sauti isiyopunguzwa kitu mwaka 2014, Amazon mwaka 2019, Apple Music Juni 2021 tena bila ya kuongeza bei, na Spotify, iliyokomea kilobiti 320 miaka yote hiyo, ikafuata Septemba 2025 kwa wanaolipia. Tarakimu zinazofika kwako kwa njia hiyo ni zilezile za sidii, hazikupungua hata moja.

Mpwa wangu, anayesomea mambo ya umeme, alitufanyia mtihani wetu sisi wenyewe nyumbani. Aliunga kompyuta yake kwa waya katika amplifaya yangu, akatafuta wimbo uleule wa toleo lilelile nililokuwa nalo katika sidii, akalinganisha ukubwa wa sauti, akatugeuza migongo.

“Haya mjomba, hii ni ipi?”

Tulikuwa wanne. Tulibahatisha mpaka adhana ya Isha ikatukatiza, na tulipohesabu tulikuwa tumepatia kama nusu na kukosa kama nusu. Yule bwana wa hotuba alisema waya ulikuwa mbovu.

Kwa waya, nasema. Kwa sababu vijana wetu hawatumii waya, wanatumia Bluetooth, na Bluetooth ya kawaida huifinya sauti upya kabla ya kuirusha kwenye spika. Mtu analipia sauti kamili kisha anaipitisha katika tundu la sindano. Halafu kuna bando. Saa moja ya muziki wa kilobiti 320 hula megabaiti 144. Saa moja ya sidii ni megabaiti 635. Ikifinywa kwa ile njia isiyopoteza kitu, hubaki kama nusu hivi. Sijui ni vijana wangapi wa Kisauni au Likoni watakaoteketeza bando namna hiyo kwa ajili ya udi mmoja. Simu nayo hushusha daraja yenyewe mtandao ukiwa mdogo, bila ya kukuomba ruhusa. Sidii, stima ikiwepo, haina hayo.

Haya ndiyo mabishano mepesi. Ugomvi wenye uzito uko mahali pengine, nao hauhusu tarakimu. Unahusu mtu aliyekaa studioni akaamua wimbo utoke vipi.

Mpiga udi anapogonga uzi, mshindo wa kwanza ni mkali, kisha sauti hushuka na kufifia. Tofauti baina ya mshindo na kufifia ndiyo inayokufanya uhisi mpigaji yuko mbele yako. Kuanzia miaka ya 1990 makampuni ya Ulaya na Marekani yaliingiwa na shindano la ajabu: kila mmoja alitaka wimbo wake usikike wenye nguvu kuliko wa mwenziwe redioni. Sauti ina dari yake, haiwezi kupita hapo. Kwa hiyo waliibana mishindo ikawa mifupi, wakainua vyote vilivyokuwa chini, mpaka kunong’ona na kupiga kelele vikawa sawa. Mwaka 2008 kundi la Metallica la Marekani lilitoa albamu iitwayo Death Magnetic, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile zilizotiwa katika mchezo mmoja wa video zilikuwa na pumzi kuliko zile walizonunua katika sidii. Fikiria hilo: mchezo wa watoto ukawa na sauti bora kuliko sidii yenyewe.

Inatuhusu nini? Ni kwamba albamu nyingi za zamani zilizorudishwa sokoni baada ya hapo zilipitishwa katika kinu hichohicho, zikaandikwa “zimesafishwa upya”. Toleo hilo jipya ndilo aghalabu unalolikuta mtandaoni. Siku hizi mitandao husawazisha ukubwa wa sauti ili wimbo mmoja usimpigie kelele mwenziwe, lakini mshindo uliokwisha kukatwa haurudi kwa kusawazishwa. Toleo la kwanza, lile la miaka ya 1980 lililotolewa kabla ya wazimu ule, aghalabu limebaki katika kisahani tu. Ndiyo maana utawaona wapenzi wa sauti huko London na Tokyo wakipekua masanduku ya mitumba wakisoma maandishi madogo ya ukingoni, kutafuta chapa ya mwaka fulani na kiwanda fulani. Hawatafuti mashine. Wanatafuta mkono wa yule aliyekaa studioni siku ile.

Sidii ilituletea jambo jingine pia, ambalo watu wa nyimbo za dakika tatu hawakulijali sana. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa katika santuri, kila upande wa santuri ulichukua dakika tatu hivi, na wimbo ulitoshea humo ama ulikatwa vipande. Zikaja santuri kubwa, zikaja kanda, lakini bado palikuwa na kugeuza upande. Sasa mchukue Umm Kulthum na Enta Omri, wimbo wa mwaka 1964 aliotungiwa muziki na Mohammed Abdel Wahab. Jukwaani ulifika kama saa nzima, pamoja na watu wanaoomba beti irudiwe. Unageuza kanda katikati ya ile hali? Sidii ya dakika 74 iliuchukua wote, mwanzo hadi mwisho, bila ya mkono wa mtu kuingia. Mara ya kwanza kuusikia hivyo nilikaa kimya mpaka mashine ikazima. Mtandaoni nao upo mzima, sikatai, ila mara nyingine tangazo la sabuni huchomoza pale unapofumba macho.

Sasa tuje kwenye umiliki. Januari 2022 Neil Young wa Canada aliziondoa nyimbo zake Spotify kwa sababu ya ugomvi wake na kampuni juu ya kipindi kimoja, na Joni Mitchell akamfuata. Walirudi mwaka 2024. Kwa miaka miwili hivi, mtu aliyekuwa akilipa ada yake kila mwezi hakuwa na nyimbo hizo, na hakuwa na wa kumdai, kwani hakununua chochote, alikodi. Wale ni watu mashuhuri, kuondoka kwao kulitangazwa ulimwenguni. Akiondoshwa msanii wa Tanga au wa Lamu kwa sababu mkataba umekwisha huko Ulaya, nani atakayetangaza?

Nina sidii moja ya Zein l’Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016. Inaitwa Mtindo wa Mombasa, na ilitolewa London mwaka 1990 na GlobeStyle, kampuni iliyokwisha kutoa pia mfululizo wa taarabu ya Unguja, Ikhwani Safaa na Culture Musical Club wakiwamo. Kabla ya hapo sisi tulikuwa tumezoea kumsikia Zein katika kanda zilizonakiliwa kutoka kanda zilizonakiliwa, zikapita kwa shemeji na jirani, mpaka sauti ikawa kama inatoka chini ya godoro. Katika sidii ile udi una tumbo. Unasikia mbao. Sijasema hivyo kwa kuwa kisahani kina uchawi. Waliorekodi walijua kazi, na hapakuwa na mtu katikati yao na mimi.

Baadaye ukaja mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, ulioanza mwaka 2005. Sidii yake ya pili ni ya taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, na ya kumi, ya mwaka 2021, ni ya Mombasa na Tanga ya 1970 hadi 1990, nyimbo zilizotoka katika hazina ya Mbwana Radio Service, lile duka la kanda la mji wa kale ambalo wengi wa umri wangu wanalikumbuka. Ndani ya kasha mna kijitabu: picha, majina, historia. Katika simu unapata picha ya ukubwa wa kucha na jina la mwimbaji, basi. Hili kwetu si jambo dogo. Taarabu ni shairi kwanza. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, na anayesikia sauti bila ya kumjua aliyetunga amesikia nusu ya habari. Kioo cha simu aghalabu hakina nafasi ya mtunzi, sembuse ya mpiga fidla.

Lakini nisiwadanganye kwamba makabati yetu yamejaa sidii za London na Paris. Mengi yamejaa diski za kuchoma. Ilipofika miaka ya 2000 kila mtaa ulikuwa na kijana mwenye kompyuta, na kanda zetu zote zikaingia humo: taarabu za harusi, maulidi, mawaidha, sauti za marehemu. Na hapa ndipo pana hatari, msomaji, kwani diski ya kuchoma na sidii ya kiwandani ni ndugu kwa sura tu. Ya kiwandani imegongwa vishimo katika plastiki na kupakwa alumini. Ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka la rangi ambayo leza iliichoma alama. Rangi hiyo huliwa na joto na jua. Zigeuze uone: ya kiwandani chini yake ni fedha tupu, ya kuchoma huwa na rangi ya kijani au buluu kwa mbali. Zile za buluu na kijani, zilizokaa miaka ishirini katika sebule ya Mombasa yenye joto na unyevu wa bahari, ndizo zinazokufa. Zinaanza kwa kukwama wimbo wa mwisho, kisha wa kabla yake.

Nyingi, tusifichane, zilichomwa kutoka MP3 ya kanda, na kumimina maji ya kisima katika birika la fedha hakuyafanyi ya zamzam. Sauti yake ni ya kanda tu. Lakini taarabu iliyopigwa katika harusi moja ya Kibokoni usiku mmoja haipo Spotify wala Apple. Haikuwahi kuuzwa. Ikiwa kanda yenyewe ilikwisha kutupwa, nakala ni ile diski ya buluu, na hakuna nyingine.

Kwa hiyo anayeniuliza kama anunue mashine ya sidii, mimi humuuliza kwanza ana nini kabatini. Kama hana kitu, na mapenzi yake ni nyimbo mpya, asijisumbue. Awe na waya mzuri na spika nzuri, zimtoshe. Kama anazo sidii, ashike mashine mapema. Marekani, ambako mwaka 2000 ziliuzwa sidii zaidi ya milioni 940, mwaka 2022 zilishuka zikawa milioni 33, na santuri za kale zikazipita kwa milioni 41, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Kampuni ya OPPO iliacha kutengeneza mashine za diski mwaka 2018. Marantz, Denon, Yamaha, Technics na Rega bado wanatengeneza, na FiiO ya Uchina imetoa hata kimashine cha kubeba mkononi, lakini magari mapya mengi hayana tena tundu la sidii, na kompyuta vilevile.

Anayenunua ya mkono wa pili, zile zinazoshuka kutoka Dubai, aende na diski mbili mfukoni: moja ya kiwandani na moja ya kuchoma. Acheze wimbo wa kwanza na wa mwisho wa kila moja. Mashine za zamani sana hazielewani na baadhi ya diski za kuchoma, na leza iliyochoka hujulikana hapo hapo. Asikubali kuambiwa “ni vumbi tu”. Mimi niliambiwa hivyo na fundi mmoja mara tatu, na mara tatu nikalipa.

Diski yenyewe ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Mashine ina hesabu za kujaza pengo, na inaweza kuziba mkwaruzo wa milimita mbili na nusu bila ya wewe kusikia. Lakini mkwaruzo unaofuata mstari hufuta tarakimu nyingi mfululizo, na hapo hesabu hushindwa. Wengi hulinda upande wa chini na kuuacha wa juu, na kumbe wa juu ndio dhaifu: alumini imefunikwa na rangi nyembamba tu, ikichubuka hewa ya chumvi huingia. Kalamu ya wino ya ncha ngumu isiguse hapo, wala karatasi ya kubandika.

Nyumbani mwangu mpwa amefunga kisomeo cha sidii kwenye kompyuta yake, na kila Jumamosi baada ya Asri tunazitia zile diski za kuchoma moja moja, tunazinakili katika diski kuu mbili, moja inabaki kwangu na nyingine inakwenda kwa dada yangu Malindi. Tunaandika jina la mwimbaji, la mtunzi kama yupo anayemkumbuka, na harusi ilikuwa ya nani. Tumemaliza sitini na tatu. Kumi na moja hazikusomeka kabisa. Mbili kati ya hizo zilikataa katika kompyuta zikakubali katika mashine yangu ya zamani ya sebuleni, na tukazirekodi kwa waya, wimbo mmoja mmoja, tukiwa tumefunga madirisha ili honi za tuktuk zisiingie.